Zima Motere, Kapiteni

Pélagie hakuwa kiziwi, na aliyethubutu kusema hivyo angejibiwa papo hapo. Nyumbani kwake Kimanga alimsikia panya akitafuna mihogo chumba cha pili. Alimsikia jirani akimsengenya kwa mnong'ono nyuma ya uzio wa mabati, na asubuhi akampelekea majibu yake akiwa bado anapiga mswaki. Miezi minne iliyopita alikwenda kituo cha afya kupimwa. Muuguzi akamweka kwenye chumba kilichofungwa, akasimama nyuma yake na kumnong'oneza majina ya samaki: mukeke, ndagala, kuhe. Pélagie akayarudia yote bila kukosea hata moja.

"Masikio yako iko mazuri, mama," muuguzi akamwambia. "Iko ya mutoto."

Akarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeambiwa kile alichotaka kuambiwa. Tatizo ni kwamba mkate wake haukuwa kwenye chumba kilichofungwa. Ulikuwa Kalundu, bandarini, kando ya ziwa.

Asiyeijua Kalundu aelezwe. Boti la mbao likitoka Baraka au Kalemie na unga, saruji au mafuta ya mawese, kapiteni hazimi motere mpaka bei ya kupakua ikubaliwe. Anasimama kwenye ncha ya boti, motere inanguruma nyuma yake, na anapaza sauti kutaja faranga atakazolipa kwa kila gunia. Kutoka ufukweni kapita, mnyapara wa wachukuzi, anamjibu. Wanarushiana maneno hivyo hata robo saa, na sababu yake kila mtu anaijua. Kapiteni ambaye motere yake inanguruma anaweza kugeuza na kwenda kushusha mahali pengine. Aliyezima amekwisha kunaswa, atalipa atakachoambiwa. Kwa hiyo bei ya kila gunia lililowahi kubebwa Kalundu ilizaliwa ndani ya kelele, na si kelele ya motere peke yake. Kuna jenereta ya barafu, kuna pikipiki, kuna wanaochomelea vyuma, na kuna wanaogombana kwa sababu tu ni asubuhi.

Wachukuzi wanawake walikuwa kumi na wanne. Walibeba mgongoni, kwa kamba pana inayopita kwenye paji la uso, na wenyewe walikuwa na haki moja waliyoilinda kuliko zote: mmoja wao alisimama mbele, bega kwa bega na kapita, ili aisikie bei kwa masikio yake mwenyewe. Huyo walimwita Sikio la Bamama, sikio la akina mama. Pélagie alikuwa Sikio kwa miaka ishirini na miwili. Hakulipwa chochote kwa cheo hicho, alibeba magunia kama wenzake, lakini akipita sokoni watu walimpisha, na yeye alijua kupita taratibu ili wampishe vizuri.

Sasa sikio lenyewe lilikuwa limeanza kumkimbia. Motere ikinguruma, sauti za watu zilimfikia zimevurugika kama uji. Alijua mtu anasema. Anasema nini, hakujua. Mwaka mzima alikuwa amelificha jambo hilo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wahenga walivyosema, lakini wahenga hawakuwa na cheo cha kupoteza pale Kalundu. Basile, kapita, alipomgeukia na kumwambia kwa karibu, "Umesikia, Mama Pélagie?" na kutaja bei, yeye alitikisa kichwa. Na wanawake kule juu ukutani, wakiona kichwa kimetikisika, walijifunga kamba na kushuka kubeba.

Sikio lile hakuzaliwa nalo. Alipewa na Generose.

Zamani hizo, kabla ziwa halijapanda na kuula ufuko wa kwanza, kabla simu hazijaingia kila mfukoni, Pélagie alikuwa msichana wa miaka ishirini kwenye mashine ya kusaga unga hapo Kimanga. Generose alimzidi miaka kumi na mitano. Mashine ile ilipiga kelele tangu asubuhi hadi saa kumi, sakafu ikitetemeka, na wanawake waliokuwa wakiihudumia walikuwa weupe kwa unga kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu. Siku za mwanzo Pélagie alilia kwa upweke. Mtu amesimama hatua mbili kutoka kwako, na ni kama yuko ng'ambo ya ziwa, Burundi. Kisha akaona jambo: Generose na mwenzake walikuwa wanacheka. Katikati ya ule mngurumo walikuwa wanapiga umbea wa mtaa mzima, na wala hawakupandisha sauti.

"Usikimbize kelele," Generose akamwambia siku moja, wakiwa wamekaa nje wanakula muhogo wa kuchoma. "Kelele iko ya batu bote. Weye chagula muntu mumoja. Angaria kinywa yake, angaria na shingo, ujue iko anataka kusema nini mbele aseme. Ile ingine yote, iache ipite."

Ilimchukua miezi mitatu. Halafu asubuhi moja Generose akafungua mdomo upande wa pili wa mashine, na maneno yakafika kwa Pélagie safi, hayana hata chembe ya unga: "Bwana yako njo ule anashusha mihogo kule inje." Pélagie alicheka mpaka akamwaga beseni zima. Na kweli, aliolewa na yule yule mshusha mihogo, Mungu amrehemu. Hadi leo, harufu ya unga wa muhogo ukiwa bado na joto la mashine ilimrudisha pale, na kifua chake kikalegea. Alikuwa na miaka ishirini, alikuwa na rafiki, na alikuwa amejifunza kitu ambacho hakifundishwi shuleni. Kama angeambiwa achague siku moja ya kuirudia, asingechagua ya harusi. Angechagua ile.

Mashine ilipoharibika bila kutengenezeka, wote wawili wakahamia Kalundu kubeba. Huko wakakuta utaratibu wa wenyewe. Wanaume walishuka hadi majini kumpokea kapiteni. Wanawake walibaki juu, kwenye ukuta, wakingoja kuletewa bei. Kapita wa wakati huo, baba yake Basile, alikuwa akipanda taratibu, mikono nyuma, na kutangaza: "Bamama, leo iko mia na makumi mbili." Hakuna aliyeuliza. Magunia yalikuwa yale yale na uzito wake ule ule. Gunia halijali linapanda mgongo wa nani.

Siku moja Generose, akiwa pale ukutani, alimkazia macho kapiteni wa boti lililokuwa linaingia.

"Alisema mia mbili," akamwambia Pélagie.

Mzee alipofika na mia yake na ishirini, Generose akamwambia hivyo hivyo mbele ya watu. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Kutoka huku ukutani, na motere ile? Haya, tujaribu! Akamtuma mchukuzi mmoja apande botini, asimame kando ya motere na aseme lolote limjialo. Yule bwana akasema. Generose akakunja uso, akangoja, kisha akatangaza: "Anasema iko na njaa, na bibi yake jana alipika sombe bila chumvi."

Yule bwana akashuka akiapa kwa watakatifu wote kwamba alikuwa anatania tu, habari isimfikie mke wake nyumbani. Ilifika kabla yake. Kalundu ikacheka wiki mbili, na kuanzia siku hiyo wanawake wakalipwa mia mbili kama wanaume, wakapata na haki ya kumweka mmoja wao mbele. Generose alisimama hapo mpaka kifua kikamshinda, kwa vumbi la unga la miaka yote ile. Alipoona hawezi tena, alimshika Pélagie mkono, akamteremsha hadi majini, akamsimamisha mahali pake. Hakuwa na shamba la kurithisha, wala nyumba. Alikuwa na pale pa kusimama.

Ndiyo maana Pélagie alitikisa kichwa. Nani angeweza kupanda ukutani na kusema kwamba urithi wa Generose umempotea mkononi?

Jumapili moja ya mwezi wa sita, baada ya misa, alisimama kivulini kwenye uwanja wa kanisa na Thierry, mchukuzi wa makamo ambaye magoti yake yalikuwa yamechoka kabla ya mwenyewe. Watu walikwishatawanyika, na uwanja ulikuwa umetulia.

"Magoti?" Pélagie akauliza.

"Polepole, yaya," akajibu, kama anayemwita dada yake mkubwa. "Lakini hii mwezi Mungu alitusaidia. Zile boti tatu za unga, elfu moja kwa mufuko, minye nilinunua mabati ya nyumba."

Alisikia kila neno. Muuguzi yule angemsifu.

"Elfu moja?"

"Si njo bei?" Thierry akamtazama kwa mshangao. "Weye ulikuwa pale mbele."

Ni kweli, alikuwa pale mbele. Boti tatu, na mara tatu Basile alimgeukia na kusema mia nane, na mara tatu yeye alitikisa kichwa. Akamuaga Thierry na kwenda nyumbani kwa miguu, akazikataa pikipiki zote zilizompigia honi. Aliona aibu. Alimfikiria Agnès, mchukuzi mwenzake, ambaye aliwasomesha watoto wanne kwa mgongo ule. Alimfikiria Arakaza, aliyetoka uwandani Ruzizi mwezi wa pili, na shingo yake ilikuwa bado haijaizoea kamba. Usiku aliikanda kwa mawese. Mia mbili kwa kila gunia, boti tatu, migongo kumi na minne. Hesabu hiyo aliianza na hakutaka kuimaliza.

Jioni ile akiwa anachambua majani ya muhogo ya sombe alikiona kichochoro cha kutokea. Angemwendea Basile faraghani. Angemwambia, najua, rudisha elfu moja kuanzia kesho, nami sitasema. Wanawake wangelipwa sawa, Basile angeepuka fedheha, na yeye angebaki Sikio. Ulikuwa mpango mzuri, na kila alipoutazama ulizidi kupendeza. Ulikuwa na kasoro moja tu: siku ambayo Basile angetaja tena bei ya uongo, asingeijua. Akajiuliza Generose angesema nini. Generose asingesema kitu. Angemkazia macho kinywani mpaka uongo utoke wenyewe kwa uchovu.

Kesho yake boti la kapiteni Frédéric lilikuja na unga kutoka Baraka. Pélagie akateremka hadi majini kama kawaida, akasimama kando ya Basile. Alitaka kujaribu kwa mara ya mwisho. Alichagua mtu mmoja. Alikitazama kinywa cha Frédéric, lakini jua lilikuwa nyuma ya kapiteni, uso wake wote giza. Alitazama shingo. Alingoja. Motere ikanguruma, jenereta ikanguruma, na kilichomfikia ni ule uji. Machozi yakamjia. Alimtaka Generose, alimtaka kwa nguvu, kama mtoto aliyempoteza mama yake sokoni.

Basile akarushiana maneno mawili matatu na Frédéric, kisha akamgeukia.

"Umesikia, Mama Pélagie? Mia nane."

Aligeuka akawatazama wanawake kule juu. Kumi na watatu, kamba mkononi, wote macho kwake. Hawakuwa wanangoja bei. Walikuwa wanangoja kichwa chake.

"Minye sikusikia," akasema.

"Mia nane, nakuambia."

"Weye uliniambia. Yeye sikumusikia."

Na akaingia majini. Wachukuzi walidhani ameteleza. Maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, kitenge kikaelea, naye akaendelea mpaka akasimama mbele ya ncha ya boti, mikono yote miwili juu.

"Zima motere!" akapiga kelele. "Kapiteni, zima motere!"

Frédéric akaweka mkono sikioni. Masikini, naye alikuwa hasikii kitu. Pélagie akapitisha kiganja shingoni kama mtu anayechinja kuku, mara mbili, na hapo kapiteni akaelewa, au aliogopa kumgonga mama wa watu. Akageuka na kumpigia fundi wake ukelele. Motere ikakohoa, ikazima.

Kimya kikashuka Kalundu. Hata wachomelea vyuma waliacha, wakitaka kujua nani amekufa, na mwenye jenereta ya barafu naye akazima ili asipitwe na habari. Pélagie akasikia maji yakidondoka kutoka kwenye kamba ya nanga. Akasikia mtu akimeza mate.

"Mama, unataka kufa?" Frédéric akauliza. Hakupaza sauti, hakukuwa na haja.

"Bei ya mufuko iko ngapi, kapiteni?"

"Lakini nimesema mpaka koo inaniuma! Elfu moja."

"Ya babwana, ao ya batu bote?"

Frédéric akawatazama wote, mmoja mmoja, kama anayetafuta mtego uko wapi. "Kuna mufuko mwanaume na mufuko mwanamuke? Elfu moja kwa mufuko. Sawa ile ya hii mwezi yote."

Sauti yake ilifika hadi ukutani. Agnès alikuwa wa kwanza kushuka, kisha wengine, na Basile akabaki ameyatazama maji kana kwamba ameangusha kitu humo.

"Tangu wakati gani, Basile?" Pélagie akauliza.

Basile akayaacha maji, akamtazama. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa mtu aliyekuta mlango wazi. "Siku ya kwanza nilikujaribu tu," akasema. "Vile baba alimujaribu Generose. Nikasema mia nane, nikajua utanikatalia, tutacheka. Ukatikisa kichwa." Akajikuna shingo. "Nikaona hausikie tena. Nikanyamaza."

Hilo lilimchoma kuliko zile pesa. Mwaka mzima aliamini siri ni yake, kumbe ilikuwa na mwenzake, tena aliyekuwa akiila.

Akawageukia wanawake, maji yakiwa bado kiunoni. "Mumesikia yake. Sikieni na yangu. Iko mwaka, motere ikinguruma sisikie kintu. Nilikuwa natikisa kichwa bure. Basile aliwaibia, ni kweli, lakini minye njo nilimufungulia mulango."

Hakuna aliyemkimbilia kumkumbatia, tusidanganyane. Agnès akaizungusha kamba yake mkononi.

"Boti tatu," Agnès akasema. "Tulibeba na kichwa yako juu ya mugongo, Mama Pélagie."

"Njo vile," Pélagie akajibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ni Frédéric aliyeikata ile hali. Alikuwa amekumbuka ghafla kwamba motere yake imezima na bado hajafunga bei. "Sasa mumenikamata," akasema, na kicheko chake hakikuwa na nguvu. "Semeni, munataka ngapi?"

Wanaume wakaangaliana. Elfu moja na mia tano ilianza kunong'onwa, na Thierry mwenyewe, mwenye mabati mapya, alikuwa miongoni mwa wanong'onaji. Pélagie aliwasikia vizuri sana.

"Elfu moja," akasema kabla yao. "Ile ulisema njo ile. Na boti ingine ukizima mbele ya kutaja bei, hatutakupandishia. Tukikupandishia, usizime tena hata siku moja."

Wanaume wakanung'unika. Lakini kunung'unika mbele ya watu wote wanaosikia ni kazi ngumu, na ukimya ule uliwashinda. Frédéric akasema amekubali. Basile alibaki kapita, maana hakuna mwingine aliyejua kupanga boti kama yeye, ila aliambiwa hapo hapo kwamba mia mbili za boti tatu zitatoka mfukoni mwake kabla mwezi haujaisha, na Agnès ndiye atakayezipokea. Kumdai mtu, Agnès alikuwa hana mfano.

Pélagie alibeba magunia yake kumi na manane, kitenge chake kikiwa kimelowa. Alipomaliza akapanda ukutani na kukaa pale pale alipokuwa akikaa na Generose, siku za mia na ishirini. Akalia, wala hakujificha. Miaka yote ile walikaza masikio, yeye na Generose. Walijifunza kulishika neno moja katikati ya mngurumo, wakajivunia, wakarithishana. Na miaka yote ile motere ilikuwa na mahali pa kuizimia. Hakuna aliyewahi kuomba. Alifurahi kwamba imeombwa, na alikuwa na huzuni, kwa sababu alilipenda lile sikio, na kuanzia leo Kalundu haikulihitaji tena.

Huko chini boti jingine likawasha motere kuondoka. Arakaza akapanda ukutani, kamba ikiwa bado kwenye paji la uso, akasimama mbele yake na kusema kitu. Pélagie aliona midomo ikicheza. Shingo yake, kwa mazoea tu, ikaanza kuinama kutikisa kichwa. Akaizuia.

"Sikusikia, binti yangu," akasema. "Rudilia."

Arakaza akavua kamba, akamsogelea mpaka karibu na shavu.

"Nauliza, ule Generose alikuwaga muntu gani?"

Pélagie akajifuta macho kwa upindo wa kitenge, akasogea kidogo ili naye apate pa kukaa.

"Kwanza," akaanza, "alikuwaga mumbea sana."